Ulizia Mti Kwanza: Mwongozo wa Magome ya Dawa Kisiwani Mombasa

Kwenye maduka ya viungo yanayolizunguka soko la Marikiti, na katika vichochoro vya Mji wa Kale kuanzia Langoni hadi Kibokoni, magome ya miti huuzwa kwa namna mbili. Yako yanayouzwa kwa jina la mti: mdalasini, mwarobaini, mjafari. Na yako yanayouzwa kwa jina la ugonjwa: hii ya sukari, hii ya presha, hii ya mgongo, hii ya wazee wanaoamka usiku mara nne kwenda haja ndogo. Kama unanunua gome kwa ajili yako au kwa ajili ya mgonjwa aliye nyumbani, naomba jambo moja kabla ya mengine yote. Usitoke dukani hujaujua mti. Uliza kwa adabu, vile unavyozungumza na mzee yeyote wa mtaani: "Salaam aleikum, ami. Gome hili ni la mti gani, na limetoka wapi?" Muuzaji anayeijua kazi yake hachukizwi na swali hilo. Atakuvunjia kipande ukione kwa ndani, atakupa unuse, pengine atakueleza hata upande wa Kwale au Kilifi anakotoka mchunaji wake. Asiyeweza kuutaja mti, mshukuru uende duka la pili.

Jina la ugonjwa halikwambii kilichomo ndani ya gome. Jina la mti linakwambia. Ukiwa nalo unaweza kumwuliza mfamasia, unaweza kufungua kitabu cha Profesa John Kokwaro kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kilichotoka mara ya kwanza 1976, na usiku wa shida daktari wa zamu atajua anapambana na kitu gani. Andika jina hilo kwenye karatasi palepale dukani, pamoja na tarehe. Ni kazi ya dakika moja, na kila nitakalokwambia hapa chini linalitegemea.

Kwa nini gome lina nguvu

Gome ndilo linalokutana na mchwa, ukungu, meno ya mbuzi na jua la saa saba. Mti hulijaza kemikali za kujilinda, nasi tunazionja: uchungu, ukali, na ule ukakasi unaokausha ulimi kama wa korosho bichi. Ladha hizo tatu ni dalili za makundi ya viambata ambavyo wanasayansi wanavijua vizuri. Ukakasi aghalabu ni tanini. Uchungu mkali mara nyingi ni alkaloidi au limonoidi. Ukali wenye harufu tamu ya kupenya mara nyingi ni mafuta yanayoruka hewani, kama sinamaldehaidi ya mdalasini. Kitu kilichotengenezwa ili kumfukuza mdudu au kuua ukungu mara nyingi hakipiti mwilini mwa binadamu bila kufanya lolote. Ndiyo maana gome huponya, na ndiyo maana pia huumiza.

Dawa kubwa za hospitalini zimetoka huko. Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walitenga kwinini kutoka gome la msinkona, mti wa milima ya Amerika ya Kusini. Mti huo ukaja kwetu pia. Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza na manowari za Waingereza zikaifunga pwani, magome ya Usambara ndiyo yaliyochemshwa kuwapa wanajeshi wa Kijerumani kwinini. Mashariki mwa Kongo, mashamba ya msinkona ya Kivu yamekuwa yakikilisha kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu. Na Uingereza, mwaka 1763, kasisi Edward Stone aliandika barua kueleza jinsi alivyowapa wagonjwa wa homa wapatao 50 unga wa gome la mti uitwao willow. Miaka mingi baadaye, 1897, mwanakemia Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer alitengeneza aspirini, ambayo ni jamaa wa karibu wa kiambata cha mti ule.

Ninachokipenda kwa kasisi Stone si gome lake. Ni utaratibu wake. Alilikausha kwa miezi, akalisaga, akalipima, akaanza na kipimo kidogo sana na kuongeza taratibu huku akiangalia mgonjwa anavyoendelea. Kipimo ndicho kinachokosekana katika magome mengi tunayopewa tuyachemshe "mpaka yabadilike rangi".

Mdalasini: gome lililomo katika kila jiko

Anza na unalolijua. Mdalasini upo kwenye pilau, kwenye chai ya maziwa, kwenye uji wa mzazi aliye ndani ya arobaini yake. Siku hizi upo pia kwenye kikombe cha asubuhi cha watu wenye kisukari, kijiko kizima cha unga katika maji moto, kila siku, kwa miezi. Hapo ndipo inapobidi kuujua mti, kwa sababu vitu viwili tofauti vinauzwa kwa jina hilo moja.

Mdalasini wenyewe, ule wa Sri Lanka ambao pia hupandwa Unguja na Pemba, una gome jembamba kama karatasi. Mafundi hulikunja tabaka juu ya tabaka, hivyo ukiangalia ncha ya kijiti utaona matabaka mengi yaliyolaliana kama kurasa. Huvunjika kwa vidole bila taabu, rangi yake ni kahawia iliyopauka, na harufu yake ni tamu isiyochoma. Wa pili ni kasia, unaotoka China, Vietnam na Indonesia. Gome lake ni nene na gumu, limejikunja tabaka moja tu, mara nyingi kwa pande mbili zinazotazamana, na rangi yake inaelekea wekundu. Ukijaribu kulivunja litakuumiza kidole, na ukilitia kwenye mashine ndogo ya kusagia unaweza kuiharibu. Ukali wake ni mkubwa, na bei yake huwa chini.

Kasia haina kosa kwenye pilau. Tatizo ni kiambata kiitwacho kumarini, ambacho kwa wingi huweza kuliumiza ini, hasa kwa watu ambao maini yao ni mepesi kudhurika. Mdalasini wenyewe una chembe tu za kumarini, ilhali kasia inazo nyingi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kiwango cha miligramu 0.1 za kumarini kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60, gramu mbili hivi za unga wa kasia zinatosha kukifikia kiwango hicho, na gramu mbili hazijazi hata kijiko cha chai. Kwa hiyo mtu anayekunywa kijiko kizima cha kasia kila asubuhi kwa ajili ya sukari yake amevuka mpaka kila siku, akiamini anajitibu.

Nunua vijiti, usage mwenyewe. Unga ukishasagwa, jicho haliwezi kuutofautisha na mwingine. Ukitaka kunywa mdalasini kila siku, chagua ule wa matabaka, uwe mchache, na mwambie daktari wako wa kisukari. Mdalasini kweli unaweza kusaidia kuishusha sukari kidogo, na hiyo ndiyo sababu ya kumwambia. Aliye kwenye sindano za insulini au vidonge kama glibenklamidi, akiongeza kitu kingine kinachoshusha sukari, anaweza kujikuta anatetemeka na kutoka jasho alfajiri bila kujua limemfika nini. Mtu wa ini, mtu wa dawa za kuyeyusha damu, na mama mjamzito, wabaki na mdalasini wa kwenye chakula tu.

Mwarobaini na mswaki

Mwarobaini hauna haja ya kutambulishwa kwa mtu wa Mombasa. Umesimama uani, kando ya barabara, nyuma ya shule. Watu wengi hutumia majani, lakini gome nalo huchemshwa kwa homa, kwa vidonda vya ngozi na kwa fizi. Ndani yake mna tanini, katekini na limonoidi chungu kama nimbini. Mkomafi, ule mti wa mikokoni wenye matunda makubwa ya duara, ni wa ukoo uleule wa mwarobaini, na watafiti wamekuta kiambata kimoja, gedunini, katika miti hiyo yote miwili. Wazee wa pwani walioutumia mkomafi kwa tumbo na mwarobaini kwa homa walikuwa wanachota, bila maabara, katika kisima kimoja.

Nitasema wazi ninaloliamini. Matumizi bora ya gome la mwarobaini ni ya nje na ya mdomoni. Kijiti kibichi chenye gome lake, kikatafunwa mpaka ncha ikawa brashi, kikasugua meno na fizi, kisha mate yakatemwa, ni dawa nzuri, rahisi, na hatari yake ni ndogo. Mswaki unaouzwa nje ya misikiti ya Mji wa Kale ni wa mti mwingine, lakini kazi ni hiyohiyo. Maji ya gome yaliyopoa, ukayatumia kusukutulia au kuoshea upele, nayo yana nafasi yake.

Kunywa ni jambo jingine. Mjamzito asinywe mwarobaini wa aina yoyote, na wanandoa wanaotafuta mtoto nao wauache. Mtoto mdogo asipewe kabisa, hasa mafuta ya mbegu zake. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga waliopewa mafuta hayo kwa ajili ya maradhi madogo, wakapata degedege na kuharibika ini. Najua bibi zetu wengi wamewapa wajukuu vijiko vya mwarobaini kwa mapenzi matupu, na wengi wa watoto hao wamekua salama. Lakini mtoto mmoja aliyedhurika ni wa mtu, na kwa homa ya mtoto sasa tuna njia bora.

Ukakasi wa mikoko

Upande wa Tudor na Port Reitz, kisiwa kimezungukwa na mikoko. Magome ya mkoko na mkandaa yana tanini nyingi sana, kiasi kwamba zamani yalisafirishwa kutoka Lamu na delta ya Rufiji kwenda kutumika kulainisha ngozi viwandani, na wavuvi waliloweka nyavu zao humo ili zisioze upesi. Tanini huzishika protini na kuzikaza. Ndivyo inavyoigeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu, na ndivyo inavyokausha kidonda kinachotoa maji na kupunguza kuhara. Magome ya mwembe, mkorosho, mkungu na mzambarau hufanya kazi hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo. Gome la mwembe lina pia manjiferini, kiambata kinachochunguzwa sana na watafiti.

Ukitaka kuiona tanini kwa macho yako, chemsha kipande kidogo cha gome, acha maji yapoe, kisha utie msumari wenye kutu. Maji yakigeuka meusi kama wino, tanini imekutana na chuma. Kikombe hicho kimwage, usikinywe. Jaribio hili linafundisha mambo mawili ya jikoni. La kwanza, usichemshie gome kwenye chombo cha chuma kinachoshika kutu. Tumia chungu cha udongo au sufuria ya stili. La pili ni zito zaidi: kama tanini inakishika chuma cha msumari, inakishika pia chuma cha kuongeza damu kilichomo katika chakula na katika vidonge. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, kisha akavimeza kwa chai ya rangi nzito au maji ya gome, hapati faida yake yote. Aache saa mbili kati ya kimoja na kingine, na ni afadhali gome aliache kabisa mpaka ajifungue.

Kuhusu kuhara kwenyewe, kumbuka kinachoua. Mtu anayehara, hasa mtoto, huuawa na kupoteza maji. Gome likipunguza safari za chooni halirudishi maji yaliyokwisha toka, na linaweza kuwafanya watu wa nyumbani wadhani hatari imepita. Mpe kwanza maji ya ORS, na mtoto mpe pia zinki, vyote hupatikana zahanati na duka la dawa. Mji huu umeonja kipindupindu zaidi ya mara moja. Choo kikiwa kama maji ya mchele, au kina damu, au mtoto amelegea na macho yameingia ndani, usichemshe chochote. Shika njia ya hospitali.

Tena usiende kujichunia mikoko. Tangu 1932 misitu ya mikoko ya Kenya ni hifadhi ya serikali, na kuikata bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu ni kosa. Na hata kama ungepewa ruhusa, mkono wa bahari wa Makupa ulipokea kwa miaka mingi uchafu wa jaa la Kibarani pamoja na mafuta ya bandarini, na watafiti wamekuta madini mazito kwenye matope yake. Gome linalotoka mahali kama hapo linaweza kukuletea risasi na kadmiamu pamoja na tanini. Kanuni hiyo ishike kwa mti wowote wa kisiwani: mwarobaini ulio kando ya Barabara ya Digo, unaovuta moshi wa matatu mchana kutwa, si mti wa kuchukulia dawa.

Homa, na mti wa miiba

Mjafari utautambua kwa shina lake. Limejaa vinundu vya gamba vyenye mwiba juu, na majani yake ukiyafikicha yananukia kama ndimu. Tafuna kipande kidogo cha gome na ulimi utaanza kuwasha kisha kufa ganzi. Watu wa pwani wamelitumia kwa jino linalouma, na hapo linafanya kweli. Wamelitumia pia kwa malaria. Ndani yake mna alkaloidi za kundi la kelerithrini na nitidini, na nitidini imeonekana maabara kuua vimelea vya malaria.

Lakini maabara ni bakuli la kioo. Mwilini lazima kiambata kipite tumboni, kipite kwenye ini, kibaki katika damu kwa wingi wa kutosha na muda wa kutosha, bila kumdhuru mwenye mwili. Kwinini ilivuka daraja hilo. Mjafari bado haujavuka. Nawe unapochemsha gome huwezi kujua kama mti wa leo una nguvu sawa na wa jana, kwa sababu viambata hubadilika kwa umri wa mti, kwa udongo, kwa msimu, na kwa sehemu gome lilipotoka.

Kwa hiyo, homa ikiingia nyumbani, nenda ukapime malaria siku hiyohiyo. Ikiwa ipo, meza dozi kamili ya AL, dawa ya malaria uliyopewa, hadi kidonge cha mwisho. Ikiwa haipo, basi homa ina sababu nyingine, na gome la malaria halitaijua. Mjafari ubaki kwenye jino, nao usikuzuie kwenda kwa daktari wa meno kama shavu limevimba.

Pakiti zisizo na mti

Nafikia sehemu inayonitia wasiwasi kuliko zote. Ni unga wa kwenye vikopo na pakiti, wenye picha ya simba au ya kijana mwenye misuli, unaotibu magonjwa kumi na mawili kwa pamoja. Mti haukutajwa, na kama umetajwa huwezi kuuona. Katika nchi nyingi, uchunguzi umekuta pakiti za namna hii zikiwa zimetiwa dawa za kisasa kwa siri: za kupunguza maumivu, steroidi, au dawa za nguvu za kiume. Mtu hupata nafuu ya haraka, akausifu mti, kumbe amemeza kidonge kisicho na kipimo.

Kwenye upande wa nguvu za kiume liko pia gome la kweli, yohimbe, la mti wa Afrika Magharibi na ya Kati. Kiambata chake, yohimbini, hupandisha presha na kuufanya moyo uende mbio. Mwanamume mwenye presha akilitumia anacheza na uhai wake. Angalia kwenye pakiti kama kuna nambari ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu, jina la mtengenezaji, na tarehe ya mwisho ya matumizi. Visipokuwepo, rudisha kwenye rafu.

Wazee wanaosumbuliwa na mkojo wa usiku huuziwa gome la muiri, mti wa misitu ya bara kama Kakamega na Mlima Kenya. Huu una historia ya heshima. Dondoo lake limetumiwa na madaktari wa Ulaya kwa tezi dume iliyovimba tangu miaka ya 1960, na uchunaji ukawa mkubwa mpaka mti ukaingizwa mwaka 1995 kwenye orodha ya kimataifa ya mimea ambayo biashara yake inadhibitiwa. Hata hivyo, mkojo wa usiku unaweza kuwa tezi iliyovimba, unaweza kuwa kisukari, na unaweza kuwa saratani ya tezi dume. Gome haliwezi kuzitenganisha hizo tatu. Mshawishi baba yako apimwe kwanza, kwa upole, maana ni jambo la aibu kwa wengi wa umri wake. Akishajua ni nini, mazungumzo ya muiri yanaweza kufanyika mbele ya daktari.

Ukiamua kuandaa gome nyumbani

Osha gome kwa maji safi ya mfereji, kisha chagua njia kulingana na kilichomo. Magome ya ukakasi hutoa tanini yakichemshwa. Magome yenye harufu, kama mdalasini, funika sufuria na uyaache kwenye maji moto dakika chache tu, kwani ukiyachemsha wazi kwa nusu saa harufu inayojaa nyumba ndiyo dawa inayokimbia. Viko pia viambata ambavyo moto huviua. Mwanasayansi Tu Youyou wa China, aliyepata Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria iitwayo artemisinini, aliipata baada ya kuacha joto kali na kuutoa mmea wake kwa joto la chini. Ule ulikuwa mmea wa majani, si gome, lakini funzo ni la kila mpishi wa dawa: "chemsha sana" si kanuni.

Usitumie maji ya visima vya Mji wa Kale. Mengi ni ya chumvi, na mtu wa presha hahitaji chumvi zaidi. Tikisa maji ya gome kwenye chupa baada ya kupoa. Povu likikaa robo saa bila kuzama, kuna saponini nyingi, ambazo huchafua tumbo na kuleta kichefuchefu, basi usiyanywe. Andaa ya siku moja. Kesho yake mwaga.

Unyevu wa kisiwa hiki ni adui wa magome kavu, hasa mvua za masika zinapoanza. Weka gome kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko. Likiwa na madoa ya kijani au meusi, au harufu ya kuvunda, lichome moto. Wakenya hatuhitaji kukumbushwa sumu ya ukungu ni kitu gani: mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliua watu zaidi ya 100 huko Ukambani. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Na kama una mti wako mwenyewe, uani au shambani Kisauni, uchune kwa huruma. Chakula cha mti hupita katika utando ulio chini ya gome, kutoka kwenye majani kwenda mizizini. Ukilikata gome pete nzima kuzunguka shina, mizizi hufa njaa na mti hufuata. Chukua matawi uliyopogoa. Ikibidi shina, toa ukanda mwembamba wa wima, upande mmoja, usiguse utando laini wa ndani kabisa, na usirudi hapo mpaka jeraha lijifunge. Mibuyu ya ufukweni Mama Ngina inaweza kurudisha gome lake, lakini huo ni mti wa pekee. Mingine mingi haiwezi namna hiyo. Gome linalotoka kwenye msitu wa kaya usilinunue hata kwa bei ya bure. Wazee wa Kimijikenda wamezilinda kaya kwa karne nyingi, tangu 2008 zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na kila mti unaochunwa humo kwa wizi ni hasara kwa wajukuu wa pwani nzima.

Unapokwenda kwa daktari

Watu wengi humficha daktari habari za mitishamba kwa kuogopa kukaripiwa. Mwambie hata hivyo. Sema jina la mti, umetumia kiasi gani, kwa siku ngapi. Daktari anayekukaripia amekosea, lakini daktari asiyejua anaweza kukosea vibaya zaidi. Kuwa mkweli hasa kama unameza dawa za kisukari, presha, kifafa, kuyeyusha damu, kifua kikuu au za kupunguza makali ya UKIMWI. Wala usiache dawa hizo kwa sababu ya gome lolote. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walikwenda Samunge kule Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kilichochemshwa kwa mizizi ya mugariga. Wako walioacha ARV, dawa zao za UKIMWI, baada ya kikombe kile, wakarudi hospitalini wakiwa hoi.

Mtu akinywa gome kisha macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa wa rangi ya kahawa, akatapika bila kukoma, akachanganyikiwa, akapata degedege au akakosa mkojo, mpelekeni Hospitali Kuu ya Pwani au hospitali yoyote iliyo karibu. Msimpe maziwa wala mafuta ya kumtapisha. Chukueni mabaki ya sufuria kwenye chupa, kipande cha gome kikavu, na ile karatasi yenye jina la mti, mumkabidhi daktari anayempokea mlangoni.